HESABU YA VIJIDUDU KATIKA CHAKULA
Mazungumzo kwa wenyeji wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria



Kila mvuvi wa Dunga, Usenge au Mbita ajua ya kuwa samaki aliyeachwa juani hamngoji mnunuzi. Kila mama apikaye ajua ya kuwa mchuzi wa jana si sawa na wa leo. Maarifa hayo ni ya kale, nayo ni ya kweli. Lakini pua na ulimi haviwezi kueleza yote. Vijidudu viozeshavyo chakula hutoa harufu, bali vile viletavyo maradhi mara nyingi havitoi harufu wala havibadili ladha. Chakula chaweza kupendeza machoni na puani, kumbe kina hatari ndani yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta njia nyingine ya kukipima, nayo ni njia ya hesabu.

Vijidudu viitwavyo bakteria huzaana kwa kujigawa: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Vikipata joto na chakula vipendavyo, vingi katika hivyo hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Basi kimoja huwa 8 katika saa moja, na 512 katika saa tatu. Chakula kilichoachwa mezani tangu saa saba mchana hata saa mbili usiku kimekaa saa saba. Kijidudu kimoja chaweza kuwa zaidi ya 2,000,000. Ni kweli ya kuwa mara nyingi vijidudu vigeni hutulia kidogo kwanza, kama mgeni anayezoea nyumba, ndipo vianze kuzaana. Tendo hili la kutulia, kisha kuongezeka, kisha kukoma, lilielezwa na mtaalamu Jacques Monod wa Ufaransa katika maandishi yake ya mwaka 1949.

Mnamo mwaka 1982 D. A. Ratkowsky na wenzake huko Australia walionyesha jinsi kasi ya kuzaana inavyofuata joto kwa kanuni nyepesi, hata mtu aweza kuikadiria kabla haijatokea. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza na Marekani walifungua hazina ya vipimo iitwayo ComBase, ambamo mtu huandika joto, chumvi na ukali wa chakula, akapewa makadirio ya kukua kwa vijidudu.

Yafaa sasa kanuni hiyo iletwe ufukoni. Katika samaki wabichi, mwendo wa kuoza ukiwa juu ya barafu huhesabiwa kuwa 1. Kwa kila digrii moja ya joto huongezwa sehemu moja ya kumi, kisha jumla huzidishwa kwa yenyewe. Kwa digrii 10 jumla ni 2, na mbili mara mbili ni 4. Maana yake, samaki huharibika upesi mara nne. Kwa digrii 20 ni mara 9. Kwa digrii 25 ni mara 12 na zaidi. Basi mbuta akikaa saa sita ndani ya mashua bila barafu, katika joto la digrii 25, amepoteza umri wa siku tatu za barafu. Barafu atakayowekewa baadaye itazuia hasara mpya, lakini haitamrudishia siku hizo. Mvuvi aondokaye na barafu alfajiri amemshinda yule aitafutaye mchana.

Omena huhifadhiwa kwa njia nyingine. Vijidudu haviwezi kukua pasipo maji, na jua huyaondoa maji. Lakini ni lazima kutofautisha kukua na kuishi. Salmonela haikui katika omena iliyokauka sawasawa, walakini yaweza kuishi humo muda mrefu, ikingoja maji. Omena ikianikwa mchangani ambapo mbuzi, kuku na ndege hupita, hupata uchafu. Na mvua ikiinyesha kabla haijakauka, vijidudu huamka na kuanza kuzaana. Ndiyo sababu vichanja vilivyoinuliwa na nyavu zilizotandazwa ni bora kuliko mchanga mtupu. Hata baridi kali ni vivyo hivyo: huvifunga vijidudu, bali haiviui vyote.

Nyanza ilijifunza mambo haya kwa uchungu. Tangu Juni 1997 hata Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu waliandikishwa katika hospitali za Mkoa wa Nyanza, na watu 547 walifariki. Waganga walipochunguza, waliona ya kuwa hatari ilikuwa katika kunywa maji ya ziwa au ya mito, katika kula chakula pamoja na mtu anayeharisha, na katika karamu za matanga. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na zuio hilo halikuondolewa mpaka katikati ya mwaka 1998. Hivyo maradhi yaliyoingia nyumbani kwa njia ya maji na mikono yalifika mpaka kwenye mapato ya wavuvi na ya watu wa viwandani.

Kwa nini matanga? Si kwa kuwa desturi hiyo ni mbaya. Kumzika mtu kwa heshima na kuwalisha waliokuja kufariji ni wema. Hatari ni kwamba chakula kingi hupikwa mapema, huguswa na mikono mingi, kisha hukaa saa nyingi. Moto huua vijidudu vya kipindupindu. Lakini mkono mchafu au kata ya maji ya ziwa huweza kuvirudisha katika chakula kilichokwisha kuiva, na humo havina mpinzani. Huko Guinea, Afrika ya Magharibi, mwaka 1986, ilionekana ya kuwa vijidudu hivyo vilizaana upesi katika mchuzi wa karanga uliolazwa, lakini havikuzaana katika mchuzi wa nyanya, kwa kuwa nyanya ina ukali. Basi uji mchachu una hekima yake. Hata hivyo uchachu si badala ya usafi.

Kuna na adui mwingine katika sufuria kubwa ya nyama. Bakteria iitwayo Klostridiamu hujivika ganda gumu ambalo maji yachemkayo hayalivunji. Sufuria ikipoa polepole, na joto likifikia digrii 45 hivi, huvua ganda na kuzaana kwa kasi ya ajabu, huenda kila baada ya dakika 10. Kuna na Stafilokoka, atokaye puani na katika vidonda vya mikono. Huyo huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba moto wa pili husafisha makosa yote ya kwanza.

Mambo yapasayo kufanywa ni haya:

1. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kugawa chakula. Mwenye kuharisha au mwenye kidonda mkononi asipike.

2. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Kisumu maji huchemka kwa digrii 96 hivi, kwa sababu mji uko juu ya usawa wa bahari, lakini joto hilo latosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu.

3. Chakula kilichoiva kiliwe kingali moto. Kisikae bila moto wala baridi kupita saa mbili.

4. Kitakacholazwa kigawanywe katika vyombo vidogo na vipana ili kipoe upesi, kisha kiwekwe penye baridi chini ya digrii 5. Kikirudishwa motoni, kichemke mpaka katikati.

5. Samaki watiwe barafu tangu mashuani, nayo barafu iwe ya maji safi.

Hesabu hizi ni makadirio, si ahadi. Hazijui ni vijidudu vingapi vilivyoingia mwanzoni, wala ni mkono wa nani ulioshika mwiko. Lakini zaonyesha wazi mahali ambapo mtu aweza kuukata mwendo wa adui wakati angali mchache: joto, maji na muda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chakula, ufa ni saa moja ya uzembe, na ukuta ni gharama ya hospitali, au kaburi la pili katika boma lenye matanga.