Herufi Moja

Fungueni daftari zenu. Andikeni neno "mwana". Chini yake andikeni "bwana". Mmeona? Tofauti ni herufi moja tu, lakini maana zimeachana mbali. Leo tutasikia habari za watu walioshindana zaidi ya miaka 50 juu ya neno moja.

Zamani, katika mji wa Aleksandria huko Misri, palikuwa na padre jina lake Ario. Alifundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa na Baba. Askofu wake, Aleksanda, akakataa. Msidhani Ario alikuwa mjinga. Aliogopa watu wasije wakasema kuna Miungu wawili. Yasemekana alitunga hata nyimbo, mabaharia wakaziimba.

Basi Konstantino, Kaisari wa Rumi, akaona ugomvi huu unawagawanya watu wake. Mwaka 325 akawaita maaskofu Nikea, mji ambao leo uko Uturuki na huitwa Iznik. Wengine walikuja na makovu mwilini, maana miaka michache nyuma serikali hiyo hiyo ya Rumi iliwatesa Wakristo. Sasa Kaisari anawasafirisha kwa gharama yake!

Sikilizeni swali lenyewe. Mfinyanzi akifinyanga chungu, chungu si mfinyanzi. Lakini mama akizaa mtoto, mtoto ni mtu kama mama. Je, Mwana ni kama chungu, au ni kama mtoto? Kama ni kiumbe, basi Wakristo wanaomwabudu wanaabudu kiumbe. Tena kiumbe atawezaje kumwokoa kiumbe mwenzake? Hapo ndipo palipouma.

Maaskofu wakachagua neno la Kigiriki, "homoousios", yaani mwenye asili moja na Baba. Neno hili halimo katika Biblia, na kwa sababu hiyo wengi walisitasita. Hata hivyo likatiwa katika ungamo la imani. Ario na maaskofu wawili wa Libya wakakataa, wakafukuzwa.

Lakini mambo hayakwisha. Baadaye wengine walitaka kusema "homoiousios", yaani mwenye asili inayofanana na ya Baba. Tazameni vizuri katika ukurasa: imeongezeka "i" moja. Kufanana si kuwa mamoja. Pacha hufanana, nao ni watu wawili.

Atanasio alikwenda Nikea akiwa shemasi tu. Mwaka 328 akawa askofu wa Aleksandria. Alilitetea neno la Nikea maisha yake yote, na mara 5 alipelekwa uhamishoni. Lakini wengi wa wale wa "i" aliwaita ndugu, maana aliona wanakusudia jambo lile lile. Alifariki mwaka 373. Mwaka 381 mkutano wa Konstantinopoli ukaithibitisha imani ya Nikea.

Kabla ya kipindi kijacho, andikeni maneno mawili haya: kuumba, kuzaa. Kila moja mlitungie sentensi. Kwaherini.