Hesabu ya Watoto Wetu: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Wanachama



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya uchunguzi wa afya ya watoto, vijana na jamaa zao. Huenda wako watakaoona kuwa jambo hili ni la waganga, nasi wengi wetu humu ni watu wa kalamu: makarani, waalimu, washika hazina, maofisa wa kata. Tumelichagua kwa makusudi. Katika habari tutakayoieleza, sehemu kubwa ya kazi iliyookoa watoto ilifanywa kwa daftari la hesabu na kwa karatasi ya bajeti, na mambo hayo mawili yamo mikononi mwetu.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa iliyosema kwamba nchi maskini yaweza kuwapa watu wake matibabu yaliyo ya lazima kwa dola 12 hivi kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha zitumiwe mahali panapostahili. Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC waliona ya kuwa neno kama hili halifai kubishaniwa mezani, na lipimwe. Zikachaguliwa wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji, ambazo siku zile zilikuwa na watu wapatao 700,000 zikiwekwa pamoja. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la TEHIP, nayo ilimalizika mwaka 2004. Fedha za afya zilizokuwapo katika wilaya hizo hazikufika hizo dola 12; zilikuwa yapata dola 8 kwa mtu.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: watoto wanakufa kwa nini? Desturi ilikuwa kuuliza vitabu vya hospitali. Lakini kitabu cha hospitali humjua yule aliyefika hospitali. Mtoto aliyefia nyumbani, kando ya mto, mwendo wa siku nzima kutoka zahanati, hana ukurasa. Na watoto wengi walifia nyumbani. Basi ilibidi watu waende wakahesabu nyumba kwa nyumba. Katika Morogoro hesabu ya vifo vya vijijini ilikwisha kuanza tangu mwaka 1992 chini ya mradi mwingine wa Wizara. Katika Rufiji ilianza mwishoni mwa mwaka 1998, ikawashika watu wapatao 85,000. Makarani wa hesabu walizunguka kila miezi minne, wakauliza kila nyumba nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani amefariki.

Hapo penye neno la mwisho ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Palipotokea kifo, mtu aliyefundishwa kazi hiyo alirudi baadaye, msiba ulipokwisha kutulia, akaketi na mama au bibi wa marehemu, akauliza taratibu: homa ilianza lini, mtoto alikohoa, alipumua kwa haraka, aliharisha, alipelekwa wapi kwanza, na wapi tena. Majibu yale yalipelekwa kwa waganga, nao wakayasoma na kuamua sababu ya kifo. Si kazi ya kila mtu. Mama wa pwani hasemi kuwa mwanawe alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani. Husema alikufa kwa degedege. Na kwa wengi degedege si homa hata kidogo, ni jambo la pepo, na dawa yake iko kwa fundi, wala sindano haifai. Karani asiyejua lugha ya nyumba zile angeandika neno "pepo" akaenda zake, na mtoto mmoja wa malaria angepotea katika hesabu. Aliyeijua aliuliza zaidi: alikuwa wa moto? alikakamaa? macho yaligeuka? Kwa hiyo twasema Kiswahili kizuri na adabu ya kuketi na mfiwa vilikuwa vyombo vya uchunguzi huu sawasawa na darubini ya maabara.

Majibu yalipokusanywa, yakawekwa kando ya bajeti ya wilaya. Ndugu zetu, hapa ndipo watu wa hazina walipoinamisha vichwa. Katika miaka ya watu iliyopotea kwa maradhi, malaria ilichukua sehemu 30 katika 100. Katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa sehemu 5. Maradhi ya watoto yanayoweza kutibiwa pamoja, yaani kichomi, kuharisha, surua, utapiamlo na malaria ya watoto, yalikuwa sehemu 28, yakapewa 13. Kifua kikuu, ambacho hakikufika sehemu 4, kilipewa 22.

Hapana mtu aliyeiba katika hesabu hiyo. Kila mmoja wetu aliyepata kukaa mezani mwezi wa bajeti ajua inavyokuwa: huchukuliwa karatasi ya mwaka uliopita, huongezwa kidogo hapa na pale, na yule mwenye mfadhili nyuma yake hupata zaidi. Kifua kikuu kilikuwa na mpango wake na fedha zake. Mtoto wa miaka miwili mwenye degedege hakuwa na msemaji mezani, mpaka zilipokuja zile karatasi. Wala watengenezaji wa karatasi hawakuwaletea maofisa wa wilaya jedwali refu la kutisha. Waliwachorea mistari mipana na miembamba, mzigo wa maradhi upande mmoja, fedha upande wa pili, kiasi cha mtu kuona kwa jicho moja mahali palipopinda. Sisi tunaoandika taarifa zisizosomwa tungefaa kuiga ufundi huo.

Maofisa walipoona walihamisha fedha. Walipewa pia ruhusa ya kutumia nyongeza ya hadi dola 2 kwa mtu, na ajabu ni kwamba hawakuweza kuimaliza. Nyongeza waliyotumia hasa haikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Waganga wa zahanati walifundishwa njia ya kumtazama mtoto mzima badala ya lile lalamiko moja aliloletwa nalo: aliyeletwa kwa homa aulizwe kikohozi, aangaliwe viganja kama hana damu, apimwe uzito, aulizwe kama anaweza kunyonya. Vyandarua vyenye dawa vilihimizwa. Wanakijiji walijitolea nguvu zao kutengeneza zahanati zilizokuwa zikivuja.

Katika Rufiji, mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 100 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 2000 walikuwa 72. Na kwa muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100 katika wilaya hizo. Mtu mwenye kupenda haki atauliza kama si mvua njema au bahati. Wachunguzi waliuliza vile vile, wakalinganisha wilaya hizo na jirani zake Kilombero na Ulanga, ambako wakati ule mafundisho yale ya zahanati yalikuwa hayajafika bado. Kati ya mwaka 1999 na 2002 vifo vya watoto vilikuwa chini kwa sehemu 13 katika 100 palipokuwa na mafundisho kuliko pasipokuwa nayo, na gharama haikuwa kubwa zaidi. Sehemu 13 si 40. Mengine yalitokana na vyandarua na mambo mengine yaliyokuwa yakienda pamoja. Twapenda uchunguzi unaokubali kupunguza sifa zake namna hii.

Na kuna uchunguzi ambao jibu lake ni chungu. Katika mkoa wa Mwanza, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana uliingia katika vijiji vya makundi 10, na makundi 10 mengine yakaachwa kwa kulinganisha. Waalimu wa madarasa ya juu ya shule za msingi walifundisha juu ya ukimwi na kujilinda, na waganga wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana bila kuwakemea. Vijana 9,645 waliandikwa wakafuatwa. Maarifa yao yaliongezeka, na baadhi ya maneno yao juu ya mwenendo yakabadilika. Damu yao ilipopimwa, maambukizo ya ukimwi hayakupungua. Walipopimwa tena wengine mwaka 2007 na 2008, jibu likawa lile lile. Wako waliosema kuwa fedha zimepotea. Sisi hatusemi hivyo. Msichana wa miaka 15 aweza kuyajua yote aliyofundishwa darasani, na akirudi nyumbani hakuna sabuni wala daftari, na aliye tayari kumnunulia ni mtu mzima mwenye baiskeli na fedha mfukoni. Somo la shule halikumfikia mtu huyo, wala baba wa msichana, wala njaa ya nyumba. Bila kipimo cha damu tungalikuwa tukijisifu mpaka leo kwa mitihani ya vijana iliyopasiwa vizuri.

Turudi kwa watoto wachanga, maana hapo ndipo hesabu ya leo inapotuita. Kwa nchi nzima ya Tanzania Bara na Visiwani, mwaka 1999 watoto 147 katika 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 43. Ni furaha kubwa, wala tusiione haya. Lakini wale wanaokufa ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha walikuwa 26 mwaka 2010, na mwaka 2022 walikuwa 24. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya vifo vya watoto sasa viko katika siku 28 za mwanzo, mahali ambapo chandarua na chanjo ya surua havifiki. Hapo panataka mkunga, taa usiku, gari lenye mafuta, na joto la mama kifuani kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Mtoto aliyekufa siku ya pili mara nyingi hajapewa jina, wala mtendaji wa kijiji hamwandiki. Jamaa humzika kimya. Twawaomba wanachama walio katika kata na vijiji wamwandike, na siku aliyozaliwa, na siku aliyokufa, hata kama fomu yao haina mahali pa kumweka. Na walio katika kamati za bajeti za halmashauri, watakapoketi mwaka huu, waiombe karatasi ile kabla ya kuifungua ya mwaka jana. Jedwali la Rufiji na Morogoro tumelinakili, nalo liko kwa Bwana Katibu kwa kila atakaye kulitazama.