Kila Mtu na Wembe Wake: Mazungumzo kwa Watu wa Kando ya Ziwa



Jambo tulilokuja nalo ni la wembe, kitu ambacho hata mtoto hutumwa dukani kukinunua, na watu wengi hawakifikirii mpaka ndevu zimekuwa ndefu. Lakini kitu hicho kidogo chaweza kuingiza katika nyumba ugonjwa ambao hautaonekana mpaka miaka 20 au zaidi ipite, na siku ukionekana, ini la mtu limekwisha haribika.

Na tuanze kwenye mialo. Kila mtu wa Ukerewe, Kome, Sengerema au Magu ajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hukaa kambini. Ndizo siku za kutengeneza nyavu, kufua nguo na kunyoana. Mmoja huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwenziwe hushika wembe, naye akimaliza huupangusa kwenye kaptura yake na kuita, "Anayefuata!" Wembe ule ule hupita vichwa vitano na videvu vitano, na jioni mwingine huuazima akakate kucha. Anayekataa huambiwa ana maringo. Taulo nalo ni moja, limetundikwa kwenye kamba ya mlangoni, na twasikia kwamba pengine hata mswaki hutumiwa na watu wawili, eti ndiyo alama ya urafiki.

Urafiki huo twausifu, maana mtu hawezi kuvua peke yake. Lakini wembe, hata ukishikwa na fundi hodari, huchuna ngozi mahali padogo pasipoonekana, na hapo hutoka damu kidogo mno ambayo jicho haliioni. Ikiwa mwenye damu hiyo ana homa ya ini ya aina ya B, kirusi chake hubaki kwenye chuma. Wataalamu wamethibitisha kwamba kirusi hicho chaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokwisha kauka. Basi wembe uliotumiwa Jumatatu ukachomekwa katika makuti ya kibanda, Ijumaa bado waweza kumdhuru mwingine. Kuupangusa kwa kitambaa hakuukiui, wala kuupitisha upesi juu ya moto wa kiberiti hakutoshi. Kirusi cha UKIMWI nacho, ambacho watu wa Ziwa wanakijua tangu mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walipotambuliwa katika Mkoa wa Kagera, chaweza kupita katika wembe, ingawa hicho hudhoofika upesi zaidi kikikauka.

Mwenye kirusi cha homa ya ini aghalabu hajijui. Hula, hulima, huvua, huoa, wala haumwi na kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nacho, na mwaka huo huo watu wapatao milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake, wengi kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini.

Sasa twafika mahali ambapo twaomba wazee watusikilize kwa uvumilivu, maana twagusa msiba. Katika nyumba nyingi za huku, matanga yanapoondolewa, jamaa wa marehemu hunyolewa nywele. Hukaa mstari, wakubwa na wadogo, na mnyoaji huwapitia mmoja baada ya mmoja. Bibi hunyolewa, kisha mwanawe, kisha mjukuu aliye mgongoni mwa mama yake. Ni mtoto huyo anayetutia hofu kuliko wote. Mtu mzima akiambukizwa kirusi hiki, mara nyingi mwili wake hukishinda. Katika watu wazima 100 hawafiki 5 wanaobaki nacho maisha. Lakini katika watoto wachanga 100 walioambukizwa, wapatao 90 hubaki nacho. Hivyo wembe mmoja wa siku ya matanga waweza kuwa mwanzo wa matanga mengine, mtoto yule atakapokuwa mtu wa miaka 35 mwenye watoto wake.

Mtu atauliza, je, watoto si huchanjwa? Ndivyo, na twafurahi. Chanjo ya homa ya ini imo katika chanjo za watoto wa Tanzania tangu mwaka 2002, nao huchomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini hesabuni wenyewe. Nywele za uchanga hunyolewa lini? Mara nyingi kabla ya siku 40, yaani kabla ya sindano ya kwanza au karibu nayo. Tena wale waliozaliwa kabla ya 2002, yaani wazazi wengi na mababu waliomo katika mstari ule, wengi wao hawakuchanjwa kamwe.

Tumewahi kujibiwa, "Sisi ni ukoo mmoja, damu yetu ni moja, kwa nini tutengane wembe kama wageni?" Jibu hilo twaliheshimu, maana limetoka moyoni. Lakini tulipowauliza wazee kwa taratibu, walikubali kwamba mila yataka jamaa wanyolewe. Hakuna aliyetuambia kwamba mila yataka wembe uwe mmoja. Umoja wa wembe ulitokana na uhaba tu, nao uhaba huo sasa haupo, maana nyembe huuzwa katika kila duka la kijiji kwa bei isiyomshinda mtu.

Waganga nao twawaambia vivyo hivyo. Anayechanja chale na kupaka dawa hupasua ngozi kusudi, basi hatari yake ni kubwa kuliko ya kinyozi. Mgonjwa na aje na wembe wake mpya ungali katika karatasi, na aondoke nao.

Lakini neno hili lisiwafanye watu kuogopana. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula ugali katika sahani moja, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kulala nyumba moja na mgonjwa. Atakayemtenga ndugu yake kwa ajili ya hotuba hii atakuwa hakutusikia. Vitu vya kutenga ni wembe, sindano, kikata kucha na mswaki, maana ufizi nao hutoka damu. Taulo lina habari nyingine: hilo hupeleka upele na choa, na maradhi ya macho yaitwayo trakoma, ambayo yamewapofusha watu wengi katika nchi kavu za Dodoma, hasa Kongwa. Kila mtoto na awe na kitambaa chake cha uso, hata kama ni kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa kwa sabuni.

Mtu mzima anayetaka kujua hali yake na aende hospitali akapimwe damu. Akionekana hana kirusi, aweza kuchanjwa kwa sindano tatu. Akionekana anacho, atafuatwa na waganga wa hospitali, nazo dawa za kukizuia zipo.

Twaomba, basi, kwamba msiba ukitokea, yule anayeandika michango ya unga, sukari na sanda aandike pia nyembe, kwa hesabu ya vichwa vitakavyonyolewa, na mzee wa nyumba awe wa kwanza kuufungua wake mbele ya watu, ili kijana asione haya kufungua wa kwake. Katika kambi za wavuvi, tajiri wa mtumbwi aweza kuzinunua pamoja na mafuta ya taa. Nazo zilizokwisha tumika zisitupwe jalalani wachezapo watoto. Zitiwe katika kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa litumbukizwe katika shimo la choo.