Binti na Karatasi ya Kweli au Si Kweli



Tunapozungumzia haki za wasichana walioangukia mikononi mwa sheria, kwa kawaida tunataja hakimu, askari na mlinzi wa gereza. Leo tunaomba tuitazame karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, huko Minnesota, Marekani, mwanasaikolojia Starke Hathaway na daktari J. C. McKinley walitunga kipimo cha nafsi. Kilikuwa na kauli 550, na mpimwaji alijibu kila moja kwa “kweli” au “si kweli”. Mizani ya mtu wa kawaida ilipatikana hasa kwa watu wazima wa jimbo hilo, Wazungu, waliofika hospitali ya chuo kikuu kutazama wagonjwa wao. Kwa mizani hiyo hiyo walipimwa wasichana wa shule ya maadilisho. Mwaka 1945 Dora Capwell alionyesha kuwa alama zao zilipanda kuliko za wenzao wa shule za kawaida, hasa katika fungu la nne, lile la kutambua upotovu wa tabia.

Hapo ndipo pana jambo la kutafakari. Baadhi ya kauli za fungu hilo zinahusu ugomvi wa nyumbani. Binti anayepigwa au kunajisiwa na mtu wa nyumba yake akijibu kwa uaminifu, alama yake inapanda. Kosa la mkubwa linaandikwa kuwa kasoro ya mtoto! Na wengi wa wasichana wa wakati ule walifungiwa kwa sababu tu ya kutoroka kwao, au kwa kuitwa wakaidi. Ni mwaka 1974 ndipo sheria ya Marekani ilipoanza kuyazuia majimbo kuwafungia watoto kwa mambo ya namna hiyo.

Hatusemi vipimo vitupwe. Mwaka 1992 lilitolewa toleo la vijana wa miaka 14 hadi 18, lenye kauli 478 na mizani ya wasichana peke yao. Hayo ni maendeleo. Lakini kauli 478 ni nyingi kwa mtoto asiyesoma vizuri, tena mwenye hofu.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1967 kwamba mtoto mshtakiwa ana haki ya wakili na ya kutolazimishwa kujishuhudia. Kwa maoni yetu, karatasi hiyo nayo ni ushahidi. Kabla binti hajashika kalamu, aambiwe ni nani atakayeisoma, na kama hakimu ni mmojawapo.