Ufunguo wa Ghala: Njaa na Utawala katika Riwaya za Distopia za Vijana

Riwaya ya distopia ya kunusurika humweka kijana katika dunia iliyoharibiwa na watu wazima, au wanayoitawala kwa ukatili, kisha humtaka ajilishe na kujilinda mwenyewe. Wahakiki huizungumzia zaidi kwa mapigano yake, mapenzi yake na mitambo yake ya kutisha. Mhadhara huu unaifuata kwa njia ya chakula. Katika kazi bora za aina hii, anayeshika ghala ndiye anayetawala, na shujaa huanza kuielewa siasa siku anapoanza kuhangaikia mlo.

Mzizi mmoja wa aina hii ni Lord of the Flies ya Mwingereza William Golding, iliyotoka mwaka 1954. Golding hakuwaandikia vijana, ila shule ndizo zilizowafikishia. Wavulana wanaangukia kisiwani wakati wa vita. Ralph, waliyemchagua kwa kura, anataka vibanda vya kulala na moto wa kuita meli. Jack anataka kuwinda. Siku meli inapopita, moto umezimika kwa sababu waliopewa kazi ya kuutunza wamekwenda kumkimbiza nguruwe. Baadaye Jack anaandaa karamu ya nyama, na wengi wa waliomchagua Ralph wanamhamia. Hana hoja yoyote iliyoishinda ya mwenzake, ana nyama. Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kuliona jambo la jinsi hii katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya kitabu cha George Orwell, ambamo dalili ya mapema ya mapinduzi ya wanyama kutekwa ni maziwa na matufaha kutengewa nguruwe peke yao.

Katikati ya miaka ya 1970 ilitoka Z for Zachariah ya Mmarekani Robert C. O'Brien, baada ya mwandishi kufariki dunia na familia yake kuikamilisha kwa kufuata maandishi aliyoyaacha. Ann Burden, msichana anayetimiza miaka 16, amebaki peke yake katika bonde lililosalimika baada ya vita vya nyuklia. Ana ng'ombe, kuku, bustani na duka lililoachwa na wenyewe. Anakuja mwanamume, Loomis, ambaye baada ya kufika anaugua kwa mionzi, na Ann anamuuguza mpaka anapona. Akishapata nguvu, Loomis anachukua ufunguo wa trekta na kulifunga duka. Bonde lenye watu wawili tu limekwisha kuwa dola. Ni vigumu kupata kitabu kingine kinachomwonyesha kijana kwa uchache huo wa wahusika jinsi udhalimu unavyoanza.

Life As We Knew It ya Susan Beth Pfeffer, ya mwaka 2006, inaiweka njaa ndani ya familia inayopendana. Kimondo kinausogeza mwezi karibu na dunia. Mawimbi yanafunika pwani, volkano zinalipuka, jivu linaziba jua. Miranda, msichana wa Pennsylvania, anaandika shajara huku mama yake akihesabu makopo na kupunguza milo. Mdogo wake Miranda wa kiume anaachiwa chakula kingi kuliko wengine, kwa kuwa anaonekana kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi. Hakuna dhalimu nyumbani humo, na ndiyo maana kitabu kinauma: uamuzi wa nani ale unafanywa na mama, kwa upendo, mbele ya binti anayeelewa maana yake.

Kazi iliyoifikisha hoja hii mbali zaidi ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Nchi yake, Panem, imejengwa juu ya mabaki ya Amerika ya Kaskazini, na jina hilo limetoka katika msemo wa Kilatini kuhusu mkate na michezo, vitu viwili ambavyo watawala wa Roma walivitumia kuwatuliza raia. Kila mwaka wilaya 12 hutoa kwa kura mvulana na msichana mmoja mmoja, wa miaka 12 hadi 18, wapigane uwanjani mpaka abaki mmoja, huku taifa zima likitazama kwenye televisheni. Collins ameeleza kwamba alichota katika kisa cha Kigiriki cha vijana wa Athens waliotolewa kwa Minotaur, dubwana la Krete, na kwamba wazo lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha chaneli kati ya shindano la vijana na picha za vita vya Iraq.

Kiini cha riwaya hiyo kimo katika hesabu ya kura. Jina la kila kijana huingia mara moja akiwa na miaka 12, mara 2 akiwa na 13, na kuendelea. Maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apewe mgawo hafifu wa nafaka na mafuta wa mwaka mmoja kwa mtu mmoja, na nyongeza hizo hazifutwi. Mwenye miaka 16 asiyehitaji mgawo ana kura 5. Katniss, shujaa wa riwaya mwenye umri huo, anayewalisha mama na mdogo wake, ana 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na familia kubwa zaidi, ana 42. Serikali inaweza kusema kwamba sheria ni moja kwa wote na isiwe imesema uongo, huku njaa ikichagua watoto wa kufa. Ufafanuzi huu wa dhuluma ya kitabaka unaeleweka na msomaji wa miaka 13 bila kusaidiwa, na hapo ndipo ukubwa wa Collins ulipo.

Chakula ndicho pia kinachofungua njia ya uasi. Katniss amepewa jina la mmea wa majini wenye mizizi inayoliwa. Anawinda nje ya uzio, jambo lililokatazwa, na anauza mawindo kwa magendo. Katika Wilaya ya 11, inayolima chakula cha nchi, wakulima huchapwa viboko hadharani wakila mazao yao wenyewe. Hata hivyo, mtoto wao Rue anapouawa na Katniss kumpamba kwa maua, watu hao wanachanga fedha za kumtumia Katniss mkate.

Mafanikio ya The Hunger Games yalileta wafuasi wengi, na wengi wao waliiga uwanja wakasahau jiko. Divergent ya Veronica Roth, ya mwaka 2011, inawagawa watu katika makundi matano kwa tabia zao, lakini ni nadra msomaji kuhisi nani analima na nani anashinda njaa, na mapinduzi yake hupungukiwa na uzito kwa sababu hiyo. The Maze Runner ya James Dashner, ya mwaka 2009, ina nguvu zaidi: wavulana waliofungiwa wanaletewa mahitaji kwa lifti na watu wasiowaona, na lifti isiporudi, utaratibu wao wote unatikisika.

Wazazi na walimu wamelalamikia damu iliyomo katika riwaya hizi, na hofu yao ina msingi. The Hunger Games iliingia katika orodha ya vitabu 10 vilivyopingwa zaidi katika maktaba za Marekani mwaka 2010, 2011 na 2013. Lakini vijana wengi wa dunia hii wanaijua njaa kabla hawajaisoma, na kitabu kinachowaonyesha kwamba njaa inaweza kupangwa na mtu kinawapa maarifa wanayostahili.

Katika kitabu cha pili cha mfululizo huo wa Collins, Catching Fire, cha mwaka 2009, Katniss anafika Wilaya ya 11 na kuwashukuru watu kwa mkate ule. Umati unamjibu kwa kuinua vidole vitatu, na mzee aliyepiga mluzi kabla ya ishara hiyo anapigwa risasi. Baada ya jeshi kutwaa madaraka Thailand mwaka 2014, waandamanaji waliinua vidole hivyo hivyo barabarani, na wanafunzi wakakamatwa kwa kufanya hivyo. Mwaka 2021 ishara hiyo ilitumiwa na vijana wa Myanmar waliopinga mapinduzi ya kijeshi nchini mwao.