Deni Letu kwa Wazee wa Vita ya Kagera
(Maneno yaliyosemwa kwenye hafla ya harambee, Dar es Salaam)

 

Nimeombwa niwaeleze juu ya mfuko mpya wa mwaka huu, mfuko wa wazee waliopigana Vita ya Kagera na wajane wao. Mimi ni mhasibu, sijawahi kushika bunduki, kwa hiyo nitazungumza kihasibu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kwetu yakaikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wetu walikimbilia kusini na watoto mgongoni, wakaacha ng'ombe, migomba na makaburi ya wazee wao. Wapo ambao hawakuuvuka mto. Walioirudisha ardhi ile walikuwa JWTZ pamoja na vijana wa JKT, Polisi, Magereza na mgambo kutoka kila pembe ya nchi. Januari 1979 walikuwa Mutukula, Februari wakaingia Masaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Wengi waliokufa wamelala Kaboya, Muleba, katika mkoa wetu.

Sisi wa umri wangu tulizaliwa vita ikiwa imekwisha. Tumejenga, tumelima na tumesoma juu ya ardhi iliyokombolewa na wengine.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawaona wazee hawa wamevaa nishani, wamenyoosha migongo. Tunajivuna nao. Lakini undugu wao unaonekana zaidi siku nyingine. Mwenzao akifariki, wao hufika msibani mapema. Hukaa benchi moja, hutafuna kahawa pamoja, na bado huitana "afande" hata kama mmoja alikuwa mgambo tu. Kaburini hupiga saluti. Baadaye hurudi kumjulia hali mjane, na watoto wa marehemu huwaita "baba". Wapo vijana katika ukumbi huu waliolipiwa ada na rafiki wa baba aliyekuwa naye handaki moja.

Ndugu zangu, benchi lile linazidi kuwa fupi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65. Aliyekuwa akibeba jeneza leo anakuja na mkongojo. Wakiisha, nani atarudi kwa mjane?

Katika uhasibu, deni lisiloandikwa hupotea, ingawa mdai bado yupo. Hili letu halijaandikwa popote. Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo matatu.

La kwanza, daftari. Kila kata iorodheshe wazee wake: jina, kikosi, namba ya jeshi, mke au mjane, na nakala za karatasi zao. Mjane akienda kufuatilia mafao huulizwa namba ambayo marehemu peke yake ndiye aliyeijua, na cheti kimeliwa na mchwa. Familia za mgambo ndizo zenye karatasi chache kuliko wote. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, inahitaji vijana wenye simu za kupiga picha na subira ya kuwasikiliza wazee wangali hai.

La pili, bima ya afya kwa mzee au mjane asiyekuwa nayo.

La tatu, nauli. Mwenzao akifa, wazee waliobaki wapelekwe msibani kwa gari na kurudishwa makwao, ili saluti ya mwisho isikosekane kwa sababu ya umbali.

Fedha zitakaa kwenye akaunti ya peke yake. Watia saini watakuwa watatu, na mmoja wao lazima awe mzee aliyepigana vita hiyo. Kila mchango utakuwa na stakabadhi, na hesabu zitasomwa nyumbani, mbele ya wazee wenyewe, kabla ya kusomwa hapa mjini.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Fomu za ahadi ziko mezani kwenu. Anayeweza kutoa leo atoe, anayeahidi aandike tarehe. Na mwenye baba, babu au mjomba aliyekwenda vitani, tafadhali aandike jina lake nyuma ya fomu. Daftari tutalianza usiku huu.