Supu, Ndimu na Chumvi: Mazungumzo kwa Wakaazi wa Shehia



Jua likishatua, bustani ya Forodhani hujaa harufu ya supu ya pweza. Pweza huyo aghalabu hutoka kwenye miamba ya pwani ya Unguja, ambako wanawake humtafuta wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Sifa za supu hiyo vijiweni ni nyingi, na baadhi yake hazifai kutajwa mbele ya wazee. Iliyo ya hakika ni kwamba pweza ana protini nyingi, mafuta machache na madini ya chuma.

Ubora wa supu umo katika maji yake. Mchicha ukichemshwa kisha maji yakamwagwa, sehemu ya vitamini na madini humwagwa pamoja nayo. Katika supu, kilichotoka kwenye jani hubaki bakulini kikanywewa. Ndiyo maana supu ya choroko au kunde, iliyotiwa mchicha dakika za mwisho, ina faida kubwa kuliko bei yake inavyoonesha. Mahitaji yake yote hupatikana Darajani au Mwanakwerekwe kwa fedha ndogo kuliko za nyama.

Ndimu nayo si pambo. Ina vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani, kunde na choroko. Kwa mama mjamzito, ambaye upungufu wa damu ni hatari kwake na kwa mwanawe, matone hayo yana thamani. Ikamuliwe baada ya sufuria kuipuliwa, kwa kuwa moto huipunguza vitamini hiyo.

Panapoharibika ni kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani huelekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya mkate, achari, ng'onda na kila kilicholiwa. Pweza huja na chumvi ya bahari kabla mpishi hajatia yake. Kidonge cha mchuzi huongeza nyengine. Chumvi ikizidi kwa miaka hupandisha shindikizo la damu, na shindikizo hilo mara nyingi halimpi mtu ishara yoyote mpaka siku anapopooza upande mmoja. Katika kisiwa chenye tangawizi, bizari na pilipili manga, mpishi hakosi cha kutia kabla ya kurejea kwenye kopo la chumvi. Anayeuza supu barazani hupikia watu wengi kwa mkono mmoja, na mkono huo ukipungua kidogo, mtaa mzima hunufaika.

Limebaki suala la supu iliyolala. Kwa joto la Unguja, sufuria iliyoachwa nje usiku kucha huzalisha vijidudu hata kama harufu haijabadilika, na baadhi ya sumu zao haziondoki kwa kuchemsha. Supu hiyo humwagwa. Inayokusudiwa kuliwa kesho iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kisha itokote vyema kabla ya kupakuliwa. Nyumba isiyo na friji ipike ya mlo mmoja.